Sampuli za Kwaresima

Shemeji yangu Eveline hajawasha moto wa komoni tangu wiki ya kwanza ya Agosti, na aliyeuzima ni mimi. Sikuuzima kwa maji. Niliuzima kwa chupa kumi na mbili za majitaka, zilizochukuliwa vizuri, zikapimwa vizuri, halafu zikaelezwa mbele ya watu na mtu anayependa kusikilizwa. Nitasema ilivyokuwa, maana ofisini wameshaanza kuieleza kwa namna yao, na nimekaa Iringa miaka ya kutosha kujua kwamba maelezo ya ofisi yakiachwa bila kujibiwa, baada ya muda hata sisi tuliokuwepo tunayaamini.

Eveline ni mjane wa kaka yangu. Kilabu chake kiko Kihesa, mabenchi sita na mapipa mawili, nyuma ya nyumba aliyoachiwa. Kwa asiyeijua, komoni ni pombe ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Inapikwa, inapoa, inachachuka, inachujwa. Kinachobaki kwenye chujio ndiyo machicha, mazito kama uji wa msibani. Kwa pombe hiyo Eveline amesomesha watoto watatu wa kaka yangu, na mmoja wao leo ni muuguzi. Hakuna mtu wa ukoo, mimi nikiwemo, aliyechangia daftari. Nasema hivyo ili mjue kilichozimwa ni nini.

Mimi kazi yangu ni kuchukua sampuli. Nilianza mwaka tisini na moja nikiwa kibarua wa kufyeka majani kwenye mabwawa ya majitaka. Stoo kulikuwa na makabrasha yaliyoachwa na wageni waliojenga mabwawa yale, yanaliwa na panya. Nikayabeba nyumbani na kamusi. Ilinichukua miaka minne kumaliza moja. Baadaye wakanipa chupa na fomu kwa sababu nilikuwa peke yangu pale ninayejua kwa nini chupa isijazwe juu juu.

Sasa mabwawa yamezeeka, mji umepanda vilima vyote, na ofisi imepata fedha za mtambo wa kisasa: matangi ya zege ambamo hewa inapulizwa chini ya maji ili vijidudu vipumue na kula uchafu. Mashine ya kupuliza hewa hiyo tunaiita blowa. Mengine yote pale unaweza kukosea ukarekebisha. Ukikosea blowa, ukanunua ndogo, vijidudu vinakosa hewa vinakufa, tangi linanuka, na maji yanatoka upande wa pili kama yalivyoingia, yanashuka mto Ruaha Mdogo mpaka Kalenga, ambako watu wanamwagilia kabichi ambazo jioni zinarudi sokoni kwetu. Na blowa haichaguliwi kwa macho wala kwa picha ya kitabu. Inachaguliwa kwa namba ya uchafu uliomo kwenye maji. Namba inatoka kwenye chupa. Chupa nachukua mimi.

Mwezi wa tatu akaja injinia Magesa, mtu wa Musoma, kutoka kampuni ya washauri waliopewa kuchora mtambo. Kijana wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye viatu vizuri ambavyo hakuvionea huruma. Alishuka nami mpaka kwenye chemba ya mwisho, pale bomba kubwa linapokusanya maji yote ya upande wa Kihesa. Nikamwambia palepale.

"Injinia, huu si mwezi wa kupima."

"Kwa nini, mzee Kalinga?"

"Ni Kwaresima."

Alinitazama, akacheka. "Mzee, na majitaka nayo yanafunga?"

"Yanafunga. Tena kuliko wewe."

Nikamweleza. Huku watu ni Wakatoliki na Walutheri. Kwaresima hakuna harusi, hakuna kipaimara, hakuna kumaliza msiba kwa ngoma. Kilabu kinachopika mara mbili kwa wiki kinapika mara moja au hakipiki. Halafu ni msimu wa ulanzi. Hata wale wasiofunga wanakunywa ulanzi, kwa sababu ni rahisi, na ulanzi unatoka kwenye mwanzi ukiwa pombe tayari, hauna machicha ya kumwaga. Na mvua hii unayoiona inaingia kwenye chemba zilizopasuka, inazimua kila kitu. Njoo Julai, nikamwambia. Mahindi yametoka shambani, bei iko chini, baridi kali, harusi kila Jumamosi. Julai ndiyo utajua mji huu unatoa nini.

Alinisikiliza. Hilo simnyimi. Akaandika kitu kwenye simu yake, akakuna shingo.

"Mzee wangu, ratiba inasema ripoti iwe mezani mwisho wa Aprili. Nikisema tusubiri Julai, fedha hazisubiri. Tuchukue tu, tutaongeza kidogo kwenye hesabu kwa usalama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Asilimia ishirini."

Ningekataa. Ningesema sisaini. Badala yake nilichukua sampuli siku tatu, nikajaza fomu, nikasaini, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa injinia kuniita mzee wangu huku ananisikiliza, na kusikilizwa kulinitosha. Namba ikatoka miligramu mia mbili na tisini kwa lita.

Mwezi wa sita mchoro ukaja. Nilikaa nao wiki nzima. Hesabu za Magesa zilikuwa safi. Hata lile la hewa yetu alilikumbuka. Niliwahi kuona mashine iliyoletwa mwaka elfu mbili na tatu, iliyochaguliwa na mtu aliyedhani hewa ya Iringa ni sawa na ya Tanga. Huku juu hewa ni nyembamba, mashine inazunguka ileile lakini oksijeni inayoingia kwenye maji ni pungufu. Ile ilizunguka miezi saba ikaungua. Magesa hakuangukia hapo, alipandisha ukubwa inavyotakiwa. Alikuwa amepiga hesabu nzuri juu ya namba ya mfungo. Mwisho wa ukurasa: blowa mbili. Oda kusainiwa mwezi wa nane.

Zilihitajika tatu, na kubwa kuliko hizo. Nilijua bila kupima. Lakini kujua bila kupima ofisini kwetu kunaitwa fitina.

Julai nikachukua za kwangu. Jumanne, siku ambayo karibu vilabu vyote vinachuja, nilikaa kwenye ile chemba tangu kunapambazuka hadi magharibi, chupa moja kila saa. Saa nne asubuhi machicha ya vilabu yakaanza kushuka: maji yakabadilika rangi, yakawa meupe, yakaleta harufu ya kimea, na juu yake povu kama la sabuni. Kufika saa sita lilikuwa si bomba la majitaka tena, lilikuwa togwa linalokimbia.

Maabara ya ofisi sikuipelekea. Nilipanga chupa kwenye boksi la barafu, nikapanda basi la Mbeya kwa Ikupa. Tulisoma naye kozi ya wiki sita zamani, yeye akiwa na cheti na mimi nikiwa na kamusi. Sasa ana maabara yake ndogo. Alinipokea mlangoni na koti juu ya koti jeupe, Mbeya ya Julai.

"Ugonile, baba Kalinga. Umeniletea maziwa ya Iringa?"

"Ndaga, mama. Maziwa ya bomba. Usionje."

"Mwe! Yana harufu ya kilabu haya."

Kipimo kile kinachukua siku tano, maana unaviacha vijidudu viendelee kula uchafu na unaangalia vimetumia oksijeni kiasi gani. Nilifikia kwa mjomba, siku ya sita nikarudi. Ikupa alikuwa ameandika karatasi, amepiga muhuri, lakini hakunipa mara moja. Aliishika.

"Mia saba na arobaini," akasema. "Nimerudia mara mbili, sikuamini."

Nilipiga makofi. Nakiri. Mtu mzima nilipiga makofi ndani ya maabara.

"Unafurahi nini?" Ikupa akauliza. "Namba kama hii lazima imuumize mtu. Umeshajua nani?"

"Itamuumiza Anania. Ndiye meneja wa mradi. Sasa atanunua ya tatu akitaka asitake."

"Meneja haumizwi na namba, baba. Ana mahali pa kuiweka." Akanikabidhi karatasi. "Fikiria vizuri utaiwekaje mezani."

Sikufikiria. Nilifikiria nitakavyosimama.

Kikao kilikuwa Jumanne ya mwisho ya Julai. Anania mwenyewe kakaa kichwani mwa meza, mtu wa kwetu kabisa, tulipata kipaimara pamoja. Magesa kaja na kompyuta yake. Na watu wengine wanne ambao kazi yao ilikuwa kunywa chai. Niliomba nafasi, nikapewa dakika kumi. Nikaweka karatasi ya Ikupa mezani. Nikasema: Machi mia mbili na tisini, Julai mia saba na arobaini. Hiyo asilimia ishirini ya usalama haijafika hata magotini. Mkisaini oda ya blowa mbili, mnajenga tangi la kunuka.

Magesa aliivuta karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akafungua kompyuta. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa anapiga hesabu.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Kama hii ndiyo hali ya kawaida, mbili hazitoshi. Tatu, na ukubwa unaofuata."

Ningekaa chini hapo, leo Eveline angekuwa anapika.

Anania akatabasamu. "Hongera, Kalinga. Kazi nzuri sana. Sasa tusaidie sisi tusiokwenda chemba. Huu uchafu mwingi hivi unatoka wapi?"

Sauti yenyewe ilikuwa ya heshima. Na mimi miaka thelathini na nne sijawahi kuulizwa swali kwa sauti ile ndani ya chumba kile. Nikasimama tena. Nikaenda ubaoni. Nikachora bomba kubwa na matawi yake, nikaeleza komoni inavyopikwa, machicha yanavyobaki, kwa nini Jumanne na Ijumaa, kwa nini saa nne.

"Vilabu vingapi?"

"Kumi na saba."

"Unavijua vyote?"

"Navijua vyote!"

Nikavitaja. Kimoja kimoja, na chemba ambayo kila kimoja kinamwagia, na jina la mwenye nacho. Wa kumi na mbili alikuwa Eveline, na nilimtaja kwa jina lake na la kaka yangu, kwa raha, kama anayetoa ushahidi wa ujuzi wake. Anania alikuwa anaandika. Mimi nilidhani anaandika blowa.

Alipomaliza akafunga kalamu.

"Kwa hiyo mashine si ndogo," akasema. "Mashine ni sahihi kwa majitaka ya majumbani, ndivyo mradi unavyosema: majitaka ya majumbani. Tatizo ni watu kumi na saba wanaotumia bomba la umma kama jalala la kiwanda. Tukiziba hapo, namba inarudi mia mbili na tisini. Si ndiyo, injinia?"

Magesa akasema, "Kihesabu, ndiyo, lakini..."

"Basi."

"Anania!" nikasema. "Machicha haya hayakuwa bombani. Yalikuwa yanaliwa na nguruwe. Kila kilabu kilikuwa na nguruwe wake nyuma. Mwaka elfu mbili na kumi na nne mji ukapiga marufuku nguruwe kwenye kata zote za ndani, wewe ulikuwepo kwenye kikao, mimi nilikuwa nimesimama nje dirishani. Mlisema nguruwe wananuka. Mliwauliza hao wanawake machicha watayapeleka wapi? Nani aliwaambia wafungue chemba? Si mafundi wenu walikuja wakawaunganishia, wakala supu?"

"Hayo ni ya nyuma, mzee Kalinga."

"Ya nyuma ndiyo yanayopita kwenye bomba!"

Wale wa chai wakacheka. Na Anania akacheka nao, akanipiga begani tulipotoka.

Tangazo lilibandikwa Kihesa tarehe nne. Vilabu vyote vinavyopika na kuchuja pombe vifungwe mpaka kila kimoja kijenge shimo lake la kuchuja, la zege, lenye vyumba vitatu, likaguliwe na ofisi. Shimo la namna hiyo Eveline akiuza nyumba analijenga, halafu akapikie wapi. Na chini ya amri, kwa herufi zilezile: kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa na ndugu Aroni Kalinga. Nimeomba kuitwa mtaalamu maisha yangu yote. Wakaniita siku hiyo.

Nilimkuta Eveline uani, kakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Moto ulikuwa umekufa. Mapipa yalikuwa yameoshwa.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene, mtaalamu."

Nikakaa benchi la pili. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na blowa. Nikamweleza zilitakiwa tatu, wao wanataka mbili, mimi nilikwenda kudai ya tatu.

"Ulikwenda kudai ya tatu," akasema. "Kwa jina la nani?"

"Kwa ajili ya mji, shem. Kwa ajili ya mto."

"Na jina langu lilifikaje huko? Nani aliuliza jina?"

Nikageuza macho kwenye mapipa.

"Niambie tu. Walikubana? Walikutisha?"

"Waliniuliza."

"Wakakuuliza, ukajibu." Alitikisa kichwa, si kwa hasira, ni kama anayehesabu kitu kikagoma. "Kaka yako alikuwa mlevi, Mungu amrehemu, lakini akiulizwa jambo la nyumbani anasema sijui. Hata jina langu angesema hajui."

Alikuwa anasema kweli, tena alinicheka kidogo, na kile kicheko kiliniuma kuliko angenitukana.

Nilidhani mwisho umefika hapo. Lakini Magesa alikuwa na shida yake. Ripoti yake ilikuwa na namba mbili zisizopatana, na wenye fedha walishaiona ya pili. Asingeweza kusaini oda ya blowa mbili juu ya karatasi inayosema tatu. Ilibidi zichukuliwe sampuli za mara ya tatu, baada ya vilabu kufungwa, kuonyesha kwamba namba imeshuka. Na kwa taratibu zao, mchukuaji awe yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho, asaini yeye, ili isije ikasemwa kwamba mkono mmoja ulichukua hivi na mwingine vile. Anania akaniletea chupa mwenyewe mpaka nyumbani, mpya, kwenye boksi.

"Jumanne ya tarehe kumi na tisa," akasema. "Halafu tunakuombea ile nafasi ya msimamizi wa maabara ya mtambo mpya. Umeistahili siku nyingi, Aroni."

Jumanne ile nilifika kwenye chemba kukiwa bado na umande. Nikafungua mfuniko. Maji yalikuwa yanapita membamba, ya kijivu, yana harufu ya sabuni na choo tu. Sikuhitaji kupima. Ilikuwa mia mbili na kitu, si zaidi. Saa nne ikafika, hakuna kilichobadilika, na sikuwa nimejaza hata chupa moja. Niliangalia yale maji nikaona mji mzima hauna moto.

Nikasikia mtu anateremka kwenye majani. Eveline, na kitenge kiunoni, na ndoo ndogo yenye kifuniko.

"Wanasema leo ndiyo unachukua zile za mwisho."

"Ndiyo."

"Zikitoka chini?"

"Wananunua mbili. Wakishanunua mbili, mtambo hauwezi kubeba machicha tena, hata mkijenga mashimo. Amri inakuwa ya kudumu."

"Zikitoka juu?"

"Injinia hawezi kusaini. Atadai tatu. Na zikiwa tatu, hakuna sababu ya kuwafunga."

Akaweka ndoo chini, akafunua. Machicha. Sijui aliyatoa wapi. Nadhani alipika sufuria moja jikoni kimya kimya, kama mwizi, mwanamke aliyekuwa anapika mapipa mawili mchana kweupe.

"Nimemuuliza muuguzi wangu," akasema. "Anasema kikombe kimoja kwenye kila chupa kinatosha. Tia."

"Shemeji."

"Tia, Aroni. Si uongo. Ndiyo maji yenyewe ya bomba hili, unayajua. Wao wameyatoa, sisi tunayarudisha. Nani kasema uongo hapo?"

Na ni kweli kwamba namba ya juu ndiyo namba ya mji wetu, na ya chini ndiyo ya kutengeneza. Nilishika kikombe. Nilikitumbukiza kwenye ndoo. Miaka thelathini na nne nimewatukana watu waliopika namba: aliyepima tope akiwa kwenye gari, aliyejaza fomu za mwezi mzima siku moja kwa kalamu moja, aliyeandika kiwango kiko sawa siku ambayo samaki walielea. Nina majina yao yote. Nikaona jina langu likifuata, na si hilo tu lililonizuia. Niliona pia jinsi Anania atakavyolikamata. Chupa kumi na mbili zote zenye machicha sawasawa, kuanzia alfajiri? Ikupa mwenyewe angeniuliza. Wangesema hata zile za Julai nilizitia mimi. Namba ya kweli ingekufa pamoja na ya uongo.

Nikamwaga kikombe kwenye ndoo.

"Siwezi," nikasema. "Wakigundua, hata ile ya kwanza haitaaminiwa."

"Basi chukua hayo ya kijivu. Usaini." Sauti yake ilikuwa tambarare. "Upate nafasi yako."

Nilikaa kwenye ukingo wa chemba muda mrefu. Fomu ilikuwa gotini. Juu kabisa, kabla ya tarehe, kuna mstari unaosema sampuli zichukuliwe katika siku ya kawaida ya wakazi. Nimeujaza mstari ule mara mia tatu, na kila mara nimeandika ndiyo.

Nikafunika chemba. Nikarudisha chupa kwenye boksi, kumi na mbili, kavu. Nikampigia Magesa palepale, Eveline akisikia.

"Injinia, sichukui."

"Unaumwa, mzee wangu?"

"Siumwi. Fomu yako inataka siku ya kawaida. Mji umezimiwa moto kwa amri. Hii si siku ya kawaida, na Machi haikuwa ya kawaida, nikasaini hivyohivyo. Mara hii sisaini."

Akafunga mlango upande wake, nikausikia.

"Unajua bila saini yako sina sampuli," akasema. "Na bila sampuli sina oda."

"Najua."

"Wataweka mtu mwingine. Waanze upya zote, tangu ya kwanza. Hiyo ni miezi." Nikamsikia anavuta pumzi. "Mzee Kalinga, mimi siwezi kukwambia uendelee kukataa."

"Hujaniambia."

"Sijakwambia," akasema, akakata.

Anania alikuja saa nane. Hakukaa. Safari hii hakuniita Aroni, aliniita bwana. Alisema kukaidi maelekezo, alisema kuhujumu mradi, alisema barua itakuja, na barua ikaja. Nimesimamishwa kazi. Oda iko mezani mpaka leo, haina saini. Blowa mbili hazijanunuliwa, wala tatu. Amri ya Kihesa haijaondolewa, kwa sababu aliyetakiwa kuiondoa anasubiri sampuli, na sampuli inasubiri mtu mpya, na mtu mpya atatakiwa kupima siku ya kawaida, ambayo haitakuwepo mpaka amri iondolewe. Nimewaandikia wenye fedha barua tatu kuwaeleza mzunguko huu. Nimewaandikia pia kuhusu nguruwe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Eveline kumwambia nimeandika ya nne. Nilimkuta anafunga mizigo. Binti yake wa pili yuko Mgololo, mume wake anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi; huko wanahitaji mtu wa kuwapikia chakula wafanyakazi wa zamu.

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

"Mashine zako zitakuja lini?"

"Sijui, shem."

"Na mimi sijui." Alifunga fundo la kamba kwa meno. "Hukusaini, nilisikia. Wanawake wote wamesikia. Wengine wanasema umefanya la maana."

"Na wewe?"

"Mimi naona umechelewa tangu mwezi wa tatu." Akanyanyuka, akajipangusa magoti, akaonyesha pipa lililokuwa ukutani. "Hili nimeshaliuza kwa jirani, anataka la kukingia maji ya mvua. Shika huko."

Nikashika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na ndani bado linanuka kimea. Tulitoka nalo uani hatua kwa hatua, yeye mbele akiniambia wapi pana jiwe.